SOMO: Chenso (msumeno wa injini) ya Kichina au orijino? Soma hapa kabla hujanifuata inboksi

Wakuu, naandika hili ili kuanzia leo mtu akiniuliza nimbandikie kiungo tu, maana nimechoka. Niko Mafinga. Huku kati ya misindano ya shamba la miti la Sao Hill na milingoti ya watu binafsi, chenso ni kama jembe. Nilianza na kopi ya Kichina nikaiua, nikahamia orijino ya mkononi, kisha nikanunua kopi ya pili ambayo ninayo mpaka leo na inakata.

Kwa kifupi, kopi ni mashine ambayo kiwanda kimeiachia njiani, kazi ya kuimalizia ni yako. Kama bisibisi na kabureta havikutishi, endelea kusoma. Kama vinakutisha, jichange ununue orijino, hata iliyotumika.

1. Piga hesabu ya kazi. Kupogolea shamba, kuni za nyumbani, mti ulioanguka njiani: kopi inatosha. Kupasua mbao kutwa nzima: usijaribu.

2. Jua unauziwa nini. Ziko za aina tatu. Kuna orijino (Stihl ya Ujerumani, Husqvarna na wenzao). Kuna kopi yenye jina lake la Kichina, haijifichi. Halafu kuna feki, yaani kopi iliyopakwa rangi ya chungwa na kubandikwa jina la Stihl. Hiyo ya tatu ikimbie. Bei yake huwa imekaa katikati, si rahisi sana wala si ghali sana, na hapo ndipo watu wananasa. Ninazoziona huku zikiigwa zaidi ni modeli za Stihl 070 na 381. Stihl halisi ina namba ya mashine ya tarakimu 9 iliyogongwa kwenye bodi. Nimewahi kukuta mbili dukani, kila moja kwenye boksi lake, namba ile ile mpaka tarakimu ya mwisho. Nilipouliza, muuzaji akaniambia hiyo ni "namba ya modeli".

3. Usiamini cc za kwenye stika. Kopi yangu ya kwanza iliandikwa 62. Nilipoifungua nikapima kwa kalipa: silinda milimita 45, mwendo wa pistoni 34. Hiyo ni cc 54. Bodi ni lile lile, wanabadilisha stika.

4. Dukani. Vuta kamba taratibu, usikie kompresheni ikikuzuia mkono. Sukuma breki ya cheni mbele, kisha jaribu kuivuta cheni kwa mkono (vaa glovu). Ikitembea, rudisha mashine kwenye boksi.

5. Nyumbani. Kaza skrubu zote. Nasema zote.

6. Mafuta. Kopi: mililita 40 za oili ya tuu-stroki kwa kila lita 1 ya petroli, yaani 25 kwa 1. Stihl ikiwa na oili yake ni 50 kwa 1, mililita 20. Oili ya bodaboda siyo tuu-stroki. Petroli nunua kituoni, achana na ya kwenye chupa ya maji.

7. Silensa (mwendo wa injini ukiwa hujapiga resi). Hapa ndipo nilipoua mashine, someni polepole.

Siku ya tatu tangu ninunue, nilikuwa naangusha milingoti ya jirani. Asubuhi niliona nikiachia resi mashine haishuki haraka, inabaki juu kidogo ndipo inatulia. Nikachukua bisibisi, nikarudisha skrubu ya silensa nusu mzunguko. Ikatulia. Saa nne ikaanza tena, nikarudisha tena. Kufika saa sita ikawa inakata vizuri ajabu, sauti kali, nyembamba, tamu. Nikamwambia kijana wangu, "Unaona? Imefunguka sasa." Haikupita robo saa ikazima katikati ya gogo na kamba haikuvutika tena. Nilipotoa eksozi nikachungulia kwa tundu lile, pistoni ilikuwa imechanwa mistari kutoka juu mpaka chini kama imekwaruzwa na uma.

Kosa halikuwa skrubu. Nati mbili zinazoshika kabureta zilikuwa zimelegea kwa mtikisiko, hewa inaingia pembeni. Hewa ikizidi, mafuta yanapungua, na oili inayolainisha pistoni inakuja ndani ya mafuta hayo hayo. Ile sauti tamu ilikuwa ya injini inayoungua.

Kwa hiyo:
- Resi ikichelewa kushuka, ZIMA. Usitibu kwa skrubu ya silensa.
- Washa mashine ikae silensa, ilaze ubavu wa kulia, kisha kushoto, kisha ielekeze chini. Mlio ukipanda kwa kuinamishwa, shuku hewa: nati za kabureta, mpira unaounganisha kabureta na silinda, au oili sili za krenki.
- Skrubu ya H (ya kabureta, inayopima mafuta ya resi kubwa): ukipiga resi kamili bila kukata, mlio uwe unagugumia kidogo, na usafike cheni ikiingia kwenye mti. Ukiwa msafi na mkali kabla hata hujakata, fungua H kidogo kidogo mpaka ugugumie.
- Kila ukijaza tangi wiki ya kwanza, kagua hizo nati mbili. Mimi sasa nimezipaka gundi ya kuzuia nati kulegea.

8. Cheni ya kwenye boksi fungia geti. Nunua Oregon au ya Stihl, ukihakikisha pichi (nafasi kati ya viungo), unene na idadi ya meno ya ndani, yale yanayopita kwenye mfereji, vinaendana na lile bapa (chuma kirefu ambacho cheni inakizunguka).

Maswali karibuni.

---

kijana_wa_makambako: Mkuu bei gani?

Mwandishi: Sijaandika bei kwa makusudi, zinabadilika kila mzigo ukiingia. Uliza dukani.

kijana_wa_makambako: Makadirio tu mkuu.

Mwandishi: Dukani.

Bonde la Ufa: Salamu kutoka Eldoret. Huku tunaiita pawa so. Je, vipuri vya kopi vinaingia kwenye orijino? Nina 381 ya zamani, kava ya juu imepasuka.

Mwandishi: Karibu sana ndugu yangu, swali zuri. Kava, kamba ya kuwashia, ea klina, vishikio: weka bila wasiwasi, vingi vinaingia japo matundu mengine utayapanua kidogo kwa tupa. Pistoni, silinda, oili sili na breki: weka orijino. Ukilazimika kuweka silinda ya kopi, pitisha kidole ndani kwenye kingo za matundu ya hewa. Zikiwa na makali zinakata ringi, zilainishe kwanza. Na baada ya kufunga, rudi hatua ya 7.

Simba_mbao: Niliweka petroli ikazima, haivutiki. Tatizo nini?

Mwandishi: Oili ulichanganya kiasi gani?

Simba_mbao: Oili ipo kwenye tangi lake si inajipeleka yenyewe?

Mwandishi: Lile tangi ni la oili ya cheni. Injini imekula petroli tupu. Imenoki. Hatua ya 6 ina mistari michache tu, kaka.

Mzalendo_77: Wewe ni wakala wa Wajerumani tu. Mimi ya Kichina mwaka wa nne huu inadunda.

Mwandishi: Umesoma aya ya kwanza? Na mimi ninayo inakata. Wakala gani anakufundisha kutengeneza kopi?

Mama Parachichi (Njombe): Asante kwa somo, kaka. Yangu inakata ikipinda kulia kila mara, napata kipande kama kabari. Fundi anasema ninunue bapa jipya. Ni kweli?

Mwandishi: Dada, subiri kwanza kutoa hela. Mara nyingi ni unoaji. Mtu wa mkono wa kulia hunoa upande mmoja vizuri, ule mwingine anaugusa tu, na cheni huvutwa na upande wenye makali. Chagua jino fupi kuliko yote, ulitie alama kwa kalamu, mengine yote yanoe yafikie urefu wake, nyuzi 30, ukisukuma tupa kwenda mbele tu. Kama ni kopi ya cc 58 yenye cheni ya pichi .325, tupa ni milimita 4.8. Yenye cheni ya .404 kama 070 ni 5.5. Ikiendelea kupinda hapo ndipo uangalie bapa: lisimamishe kwenye kioo, ukingo mmoja ukiwa juu kuliko mwenzake utaona mwanga. Hata hivyo husawazishwa kwa tupa bapa.

Mama Parachichi (Njombe): Nimepima sasa hivi, meno ya kushoto urefu wake umebaki nusu ya ya kulia! Na oili ya cheni je? Natumia oili chafu ya gari.

Mwandishi: Wengi tunafanya hivyo, lakini ina vumbi la chuma linalokula pampu, na pampu za kopi ni dhaifu tayari.

Singida_alizeti: Mimi naweka mafuta ya alizeti, mwaka wa pili.

Mwandishi: Yanafaa, hata shambani hayachafui. Ila usiyaache tangini mashine ikilala miezi, yanaganda kama gundi. Wewe unamwaga au unafanyaje?

Singida_alizeti: Namwaga, naweka dizeli kidogo, nazungusha dakika moja, nafunga. Mke wangu tu ndiye hajafurahi, chupa za jikoni zinaisha.