Somo: Muwasho wa sehemu za siri unaorudi kila mara, na kwa nini si kila muwasho ni fangasi

Wapendwa dada zangu na mama zangu, hamjambo. Leo naandika lile jambo ambalo mtu hulisema kwa kunong'ona pale duka la dawa, huku akigeuka nyuma kuona kama kuna anayesikia: "Nipe ile ya muwasho." Muuzaji haulizi wapi wala tangu lini. Anatoa vidonge vya fangasi vya kuweka ukeni, unalipa, unaondoka. Wiki mbili baadaye umerudi dirishani pale pale.

Mimi ni muuguzi mkunga, na pamoja na ukunga wangu wote niliishi na muwasho miezi 14. Nilijitibu fangasi mara tano. Siku moja nikifua niliona kwenye chupi vidoa vya damu, vidogo kama vichwa vya pini, ndipo nikachukua kioo. Ndani hakukuwa na uchafu wowote. Ngozi ya nje ndiyo ilikuwa imevimba na kuwa nyekundu, na mistari ya kucha zangu mwenyewe inaonekana. Mchawi alikuwa sabuni: ile ya maji yenye manukato, iliyoandikwa kuwa ni maalumu kwa sehemu za siri. Nilikuwa naitumia kila nikitoka chooni.

Kabla ya hatua, tuelewane jambo moja. Uke ni njia ya ndani. Kile unachokiona kwa kioo, yaani mashavu ya uke, kisimi na eneo lote mpaka karibu na njia ya haja kubwa, ni ngozi. Inapata mzio, ukavu na pumu ya ngozi kama ngozi ya mkono, tena yenyewe inakaa kwenye jasho, mkojo na msuguano kutwa nzima. Dawa ya fangasi ya kuweka ndani haiwezi kuponya ngozi ya nje iliyochomwa na sabuni.

Hatua ya 1: Jiangalie

Funga mlango, chuchumaa juu ya kioo kidogo penye mwanga. Najua wengine tulifundwa kwamba huko hakutazamwi. Tazama. Ni mwili wako.

Ukiona uchafu mweupe, mzito kama mtindi, usio na harufu kali, na muwasho unaozidi siku chache kabla ya hedhi, hapo fangasi inawezekana sana. Shombo la samaki si fangasi. Mara nyingi ni bakteria. Uchafu wa njano au kijani, pengine wenye povu, unaweza kuwa trikomonasi, na huo ni ugonjwa wa zinaa: mwenza naye lazima atibiwe. Wekundu unaofuata umbo la pedi, mpaka pale mabawa yake yanapogusa, unakuambia wenyewe chanzo. Ngozi iliyonenepa, ikawa nyeusi zaidi na kukunjamana kama ngozi ya kiwiko, imekunwa kwa muda mrefu. Na ukiona ngozi yenyewe imekuwa nyeupe, soma hatua ya 5 mara mbili.

Hatua ya 2: Ondoa kila kinachounguza, kwa wiki 4

Hapa ndipo wengi tunapona, na hapa ndipo wengi hawataki kufika kwa sababu hakuna dawa ya kununua.

Acha sabuni yoyote sehemu hiyo, hata ya mtoto, hata ya kipande. Maji safi ya uvuguvugu yanatosha, mara moja au mbili kwa siku. Kuchamba kwa maji ni kuzuri, ila kwa maji matupu, kutoka mbele kwenda nyuma, kisha jikaushe kwa kugusa taratibu bila kusugua. Ndani usioshe kabisa. Uke unajisafisha wenyewe kwa asidi yake, na ukiingiza vidole na sabuni unawaua bakteria wanaoulinda.

Shabu, limao, magadi, kitunguu saumu, maji yenye dawa ya kuua vijidudu, kujifukiza udi: vyote acha. Nasema hivi kwa heshima kwa wanaovitumia, lakini nimeona ngozi iliyoungua kwa kitunguu saumu kilicholala ukeni usiku mmoja, na dada yule alilia kila akikojoa.

Pedi na vitambaa vya kujifutia vyenye manukato, badilisha. Chupi iwe ya pamba, ifuliwe na kusuuzwa mara tatu, maana unga wa sabuni hubaki kwenye nyuzi. Usiku lala bila chupi. Taiti na jinzi za kubana zipumzike. Usinyoe kwa wembe wiki hizo. Punguza kwa mkasi.

Kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato, safu nyembamba nje tu, asubuhi na usiku. Yanaikinga ngozi dhidi ya mkojo na jasho. Angalizo: mafuta haya, na krimu nyingi za fangasi pia, hudhoofisha kondomu za mpira.

Hatua ya 3: Kata mnyororo wa kujikuna

Unakuna, ngozi inachubuka, inapopona inawasha zaidi, unakuna tena. Chanzo chaweza kuwa kimeondoka zamani na muwasho ukabaki. Kata kucha ziwe fupi. Ukiwashwa, weka kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi kwa dakika 10. Maji ya moto yanapoza kidogo kisha yanazidisha. Wanaojikuna usingizini wanaweza kusaidiwa na dawa ya mzio inayoleta usingizi, ile tunayoiita piritoni, kwa siku chache na kwa ushauri wa mtaalamu. Ngozi ikishanenepa, itahitaji dawa ya kupaka ya steroidi kutoka kwa daktari.

Hatua ya 4: Kama ni fangasi, itibu kwa uhakika

Fangasi ya kawaida: klotrimazoli ya 500 mg ukeni usiku mmoja, au flukonazoli ya 150 mg kidonge kimoja. Ikirudi mara 3 au zaidi ndani ya mwaka, acha kununua kienyeji. Omba kipimo cha ute kiangaliwe kwa darubini, na pale inapowezekana ute uoteshwe maabara kuona ni fangasi gani. Omba pia kipimo cha sukari na cha VVU, kwa sababu fangasi isiyokoma wakati mwingine ndiyo inayofichua kisukari. Antibayotiki za mara kwa mara nazo huialika, na wengi wetu tumemeza nyingi kwa jina la "UTI" bila mkojo kupimwa. Kwa fangasi sugu, daktari huweza kutoa flukonazoli siku ya 1, ya 4 na ya 7, kisha kidonge kimoja kila wiki kwa miezi 6.

Hatua ya 5: Weupe

Shangazi yangu aliwashwa miaka mingi, usiku hasa. Ngozi ikawa nyeupe kuzunguka uke na njia ya haja kubwa, kama namba nane, nyembamba na yenye mikunjo kama karatasi ya sigara. Akasema ni mbalanga. Ilikuwa laikeni sklerosasi, ugonjwa wa ngozi. Hauambukizi wala si wa zinaa. Hutokea zaidi baada ya kukoma hedhi, na huwapata hata wasichana wadogo. Ukiachwa, mashavu madogo hushikana na kupotea, tendo la ndoa linakuwa mateso, na wanawake wachache, chini ya 5 kati ya 100, hupata saratani pale. Tiba yake ni klobetasoli ya 0.05%, dawa kali ya kupaka ya steroidi: kila usiku mwezi wa kwanza, usiku mmoja kupishana mwezi wa pili, mara mbili kwa wiki mwezi wa tatu. Baada ya hapo daktari anaendelea kukufuatilia.

Kidonda kisichopona, uvimbe au damu isiyo ya hedhi: nenda hospitali wiki hiyo hiyo.

Maswali ya wanachama

*Asante kwa somo dada. Nikiwa na fangasi, mume wangu naye atumie dawa?*
Kama yeye hana dalili, hapana. Akiwa na wekundu au muwasho kwenye kichwa cha uume, apakwe krimu. Ila ikiwa ni trikomonasi, mnatibiwa wote wawili na mnapumzika tendo mpaka mmalize.

*Nina ujauzito wa miezi mitano, nawashwa sana. Nimeze kile kidonge kimoja?*
Usimeze flukonazoli, mdogo wangu. Ujauzito huongeza fangasi, na dawa salama ni klotrimazoli ya ukeni, kwa kawaida usiku 7. Mwambie mkunga wako kliniki akupime kwanza.

*Binti yangu ana miaka 5, anajikuna usiku huko mbele na nyuma.*
Fikiria minyoo midogo kama nyuzi, huwasha usiku. Mtoto wa umri huo mara chache hupata fangasi, kwa hiyo usimpake dawa yako. Apelekwe zahanati, dawa ya minyoo hutolewa kwa nyumba nzima na kurudiwa baada ya wiki 2. Akiwa na uchafu, damu, maumivu au weupe, mpeleke leo.

*Klobetasoli si ndiyo wanayoweka kwenye mkorogo? Naogopa.*
Ndiyo, ni dawa hiyo hiyo, na woga wako una msingi: kujipaka mwili mzima kila siku kunaharibu ngozi. Huku inapakwa kiasi kidogo, kama nusu ya mstari unaofunika ncha ya kidole cha shahada, juu ya sehemu nyeupe tu. Tyubu ya gramu 30 hutosha miezi mitatu hivi. Usiinunue bila kuangaliwa, na ukishaandikiwa usiiache njiani kwa woga.

*Mimi nina miaka 61. Nawashwa, pakavu, na nimeona weupe kidogo. Nikienda hospitali wananiandikia dawa ya fangasi tu. Naona aibu kurudi.*
Shikamoo mama. Ukavu unaweza kutokana na kupungua kwa homoni, na ipo krimu ya homoni ya estrojeni kwa hilo. Weupe lazima uonwe kwa macho. Uliza daktari wa magonjwa ya wanawake anakuwepo siku gani, na ukitaka mwanamke, useme. Ukiingia usianze na neno fangasi. Sema: "Nina muwasho wa usiku na weupe, dawa za fangasi hazijasaidia, naomba uniangalie." Akishika kalamu kabla hujapanda kitandani, mama, rudia sentensi hiyo.