Namna ya Kumtafuta Salamanda wa Msitu wa Mawingu Bila Kumwongezea Hatari

Salamanda wa Jackson, amfibia (mnyama wa jamii ya vyura) mwenye umbo la mjusi na rangi ya manjano na nyeusi, aligunduliwa katika Milima ya Cuchumatanes, Guatemala, mwaka 1975, kisha hakuonekana tena hadi Oktoba 2017, mlinzi wa hifadhi alipomkuta. Ukataji wa misitu yake ni tishio ambalo mgeni hawezi kulizuia kwa ziara moja. Kuvu inayoua amfibia, ambayo husafiri katika matope ya viatu, anaweza kuizuia.

Kabla ya safari, sugua matope yote kwenye gambuti na vifaa vyako kwa brashi, kwa kuwa dawa ya klorini hupoteza nguvu inapokutana na uchafu. Ndipo uviloweke katika dawa, uvisuuze mbali na kijito na kuviacha vikauke kabisa. Wengi huruka hatua ya brashi, na hapo kazi yote huwa bure. Rudia kila unapohama bonde.

Salamanda huyu hana mapafu. Hupumua kupitia ngozi yenye unyevu, hivyo sabuni au dawa ya mbu iliyobaki mkononi inaweza kumdhuru. Mpige picha bila kumgusa. Mtafiti mwenye kibali avae glavu mpya kwa kila mnyama.

Gogo ulilolifunua lirudishe kama lilivyokuwa, ili unyevu wa chini yake usipotee.

Mahali ulipomwona waeleze wasimamizi wa hifadhi pekee, na uzime alama za mahali kwenye simu kabla ya kupiga picha, maana wapo wanaonunua salamanda adimu.