SOMO: Nyumba ya mdoli imelala, imeachia au mlango umegoma? Soma hapa kabla hujaivunja

Wakuu habari zenu. Naletewa picha zile zile inboksi, ukuta umelala upande, mlango haufungi, karatasi ya ukutani imevimba, halafu swali ni lile lile, "nifanyeje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo yote naweka hapa, na ukija kuniuliza tena nitakurudisha huku huku. Nazungumzia nyumba za plaiwudi na MDF (ule ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa na gundi). Unayetengeneza kwa boksi mengi yatakufaa pia, ila mambo ya kulowesha achana nayo.

1. Toa kila kitu ndani. Fanicha, mapazia, mdoli mwenyewe.

2. Jua kipimo chako. Fanicha nyingi ndogo za kununua ni moja kwa kumi na mbili, yaani dari ya mita 2.4 inakuwa sentimita 20 na mlango wa mita 2 unakuwa kama sentimita 17. Barbie hayumo humo. Yeye ana karibu sentimita 29, ni moja kwa sita, mpe mlango wa 33 au 34 na dari 40. Kama kuta umeshazikata fupi, tafuta mdoli mdogo, ni rahisi kuliko kuunga kuta.

3. Pima kona kwa kona. Chukua tepu, pima kutoka kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, kisha pima ile nyingine. Zikilingana iko sawa. Zisipolingana imelala, na ule upande uliosoma urefu zaidi ndio wa kubana, hizo kona mbili zisukume zikaribiane mpaka vipimo vilingane. Fremu ya 30 kwa 40 lazima isome 50, ikisoma 50 na nusu usijidanganye kwamba ni kidogo, paa halitakaa. Na msiniambie "kwa macho naona imenyooka". Ubao wa nyuma ndio unaoshika nyumba nzima, ukate huo kwa skwea (rula ya pembe mraba) kwanza, ubandike, ndio kuta zikae.

4. Kubandua palipokosewa. Hapa nyumba nyingi ndipo zinapofia, someni taratibu. Watu wakiona ukuta umekaa vibaya wanachukua nyundo, wanagonga kutokea ndani, plaiwudi inachanika tabaka tabaka na sasa badala ya kosa moja unayo matatu. Gundi haigombwi, inalainishwa, na kila gundi ina dawa yake:

Gundi nyeupe ya mbao: joto. Draya ya nywele, elekeza kwenye kiungo dakika kadhaa mpaka pawe pa moto ukigusa, kisha ingiza kisu chembamba cha mezani na ukizungushe kidogo kidogo. Ikigoma pasha siki nyeupe iwe vuguvugu, idondoshe kwenye ufa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, subiri robo saa, rudia. ONYO: siki ni kwa plaiwudi na mbao tu. MDF ikinywa maji inavimba na HAIRUDI, yenyewe ni joto peke yake.

Gundi ya moto, ile ya bunduki: dondosha spiriti ya vidonda pembeni ya gundi, itajiachia yenyewe, unaitoa kama ganda. Mbali na jiko na mshumaa tafadhali.

Supagluu: asetoni ya kutolea rangi ya kucha, kidogo, kwa brashi. Isiguse dirisha la plastiki, italiyeyusha. Na supagluu mbichi usiifute kwa pamba, pamba na supagluu vikikutana vinatoa joto la kuunguza vidole na moshi wa kuwasha macho.

Halafu kitu ambacho karibu wote wanaruka: ukishabandua kwangua gundi ya zamani YOTE mpaka uone mbao. Gundi nyeupe mpya haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokauka, itaonekana imeshika leo, kesho mtoto akiegemea ukuta unatoka mzima mzima. Kwangua, piga msasa, futa siki kwa kitambaa chenye unyevu, acha mpaka kesho yake ndio ubandike upya.

5. Mianya. Plaiwudi inayouzwa kama ya milimita 6 mara nyingi haifiki 6 kamili, ndiyo maana ubao unacheza kwenye mfereji ulioukata kwa hesabu ya dukani. Bandika kipande chembamba cha kadi ndani ya mfereji kisha rudisha ubao. Kwa nyufa ndogo changanya vumbi la msumeno na gundi nyeupe, jaza, piga msasa. Lakini hapo lazima upake rangi ya kufunika, vanishi haiingii kwenye gundi, patabaki doa.

6. Mlango. Ukikwama usiupunguze kabla hujaangalia bawaba. Tundu la skrubu likishalegea chovya kijiti cha kuchokolea meno kwenye gundi, kiingize, kikikauka kata kilichozidi, toboa upya.

7. Karatasi iliyovimba: toboa kwa sindano, ingiza gundi iliyolainishwa na maji, lainisha kwa kijiko kutoka katikati kwenda nje.

8. Rangi mwisho kabisa, na pande zote mbili za ubao.

Karibuni maswali.

MAONI

Mama Wawili: Asante kwa somo. Mdoli wa mwanangu ni Barbie, mlango niweke urefu gani?

Mwandishi: Hatua ya 2 mama.

Kijana wa Kisauni: Shikamoo mkuu. Hapo mwisho umesema rangi pande zote mbili. Wangu ubao ulikuwa umenyooka kabisa dukani, nimepaka upande mmoja rangi ya maji umejikunja kama sahani. Kwa nini lakini? Nataka nielewe nisirudie.

Mwandishi: Marahaba, swali zuri hili. Mbao inakunywa unyevu na kuutoa. Ulipopaka upande mmoja ule upande ukalowa ukatanuka, ulipokauka rangi ikasinyaa ikauvuta ubao, na upande wa pili ukaachwa wazi unaendelea kunywa unyevu wa hewa, na nyie Mombasa hewa yenu mnaijua. Pande mbili haziendi sawa ndio ubao unajikunja. Kama ni plaiwudi, upande ulioingia ndani kama bakuli ondoa rangi kwa msasa, lowesha kwa kitambaa, ulaze kwenye sakafu iliyonyooka na uweke vitu vizito juu mpaka ukauke kabisa. Halafu paka mbele na nyuma siku moja, koti jembamba. Ukiweza ubao mpya uache ndani ya nyumba siku chache kabla hujakata, uzoee hewa ya hapo.

Kijana wa Kisauni: Umenyooka!! Umebaki kidogo tu pembeni. Ubarikiwe.

Mzee wa Fasta: Mimi nimejenga yote kwa gundi ya moto na iko imara, mbona unatisha watu?

Mwandishi: Sijatisha mtu, nimeandika namna ya kuitoa. Gundi ya moto ni plastiki iliyoyeyushwa, ikipata joto inalainika tena. Iweke nyumba yako kwenye gari lililofungwa juani Dar saa nane mchana uone kuta. Mimi naitumia kushikilia tu wakati gundi nyeupe inakauka.

Aunty Zuu: Nyumba imevunjika nisaidieni haraka bethdei ni kesho

Mwandishi: Imevunjika wapi? Ubao gani? Gundi gani?

Aunty Zuu: Paa. Gundi sijui, alitengeneza fundi

Mwandishi: Ibonyeze kwa kucha. Ikibonyea kama raba ni ya moto. Ikiwa ngumu, ilowanishe tone la maji uache kidogo, ikigeuka nyeupe na kulainika ni gundi ya mbao. Ikibaki ngumu kama kioo ni supagluu. Kisha hatua ya 4. Kwa kesho kwangua vizuri, bandika kwa gundi nyeupe, funga na tepu ya karatasi usiku kucha na asubuhi usiitoe mpaka wageni wanafika.

Aunty Zuu: Asante dada nimeipata, ni ya moto

Neema K: Madirisha yangu ya plastiki yameota ukungu mweupe nikaosha na sabuni hautoki.

Mwandishi: Ulitumia supagluu? Mvuke wake ndio unaoganda kwenye plastiki. Sugua kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini, ukungu mwepesi unapungua. Mzito badilisha plastiki, lile boksi la shati jipya lina uwazi mzuri. Mara nyingine bandika kwa gundi nyeupe, ikikauka haionekani.

Bakari LED: Mkuu taa za ukanda nimekata nyumba haiwaki hata moja.

Mwandishi: Umekata kwenye alama ya mkasi? Za volti 12 kwa kawaida zinakatwa kila baada ya taa tatu, ukikata katikati hicho kipande kimekufa. Ukiwa umekata sawa geuza waya, chanya na hasi zikibadilishana LED haiwaki. Na ni volti 12 au 5 tu, umeme wa ukutani usiingize waya wake humo hata kidogo, ni nyumba ya mtoto.

Bakari LED: Nilikata katikati. Asante. Hiyo moja kwa kumi na mbili imetoka wapi?

Mwandishi: Ni inchi moja kwa futi moja, ndio asili yake. Uingereza kuna nyumba ya mdoli ya Malkia Mary, msanifu aliyechora ramani yake ni Edwin Lutyens, ilijengwa kati ya 1921 na 1924 kwa kipimo hicho hicho, ipo Windsor Castle, ina umeme na maji ya bomba yanayotoka kweli. Tafuta picha zake, angalia ngazi na milango ilivyolingana, utajifunza mengi kuliko kwangu.

Fundi Sele: Nyongeza wakuu, vipande vya plaiwudi msinunue shiti nzima. Mlioko Dar nendeni Keko kwa mafundi fanicha, masalia yapo kibao.

Mwandishi: Kweli kabisa kaka. Ila nendeni na rula mpime unene hapo hapo, masalia yanatoka shiti tofauti, na ukichukua mawili yasiyolingana unarudi hatua ya 5.