Ukitoka jeshini, anza na wanaojua kazi yako

Nilistaafu nikiwa sajini mwandamizi upande wa usafirishaji, na sasa nasimamia malori ya nafaka hapa Nakuru. Vijana wa kambi za Lanet na Gilgil wanaokaribia kutoka jeshini hunipigia simu na swali huwa lile lile: "Afande, kuna nafasi huko?" Kama leo hakuna, nitasema hakuna, na maongezi yataishia hapo. Halafu wiki ya tatu dereva mmoja anaacha kazi, na mimi nimeshasahau ni nani aliyepiga.

Kwa hivyo usianze kwa kuuliza nafasi. Anza na daftari, ukiwa bado na sare na mshahara bado unaingia.

Andika majina. Najua utaanza na meja na kanali uliowahi kufanya kazi chini yao. Waandike, lakini usiwategemee sana. Mkubwa wa zamani atakupokea kwa heshima, chai utakunywa, na karatasi zako zitabaki kwenye faili. Yeye alikuona ukipiga saluti, hakukuona ukihangaika na lori lililokwama usiku. Wenye faida ni wale walioshika kazi pamoja nawe: mwenzako aliyetoka mapema na sasa yuko na kampuni ya mizigo, raia walioajiriwa kambini, makarani na mafundi, ambao wana ndugu na marafiki kila ofisi ya mji huu, fundi wa gereji ya mjini, karani aliyekuwa akipokea magari yenu kwenye bohari ya mafuta. Ukipita Salgaa jioni malori yakiwa yameegeshwa, utakutana na madereva wanaojua kampuni gani inalipa kwa wakati na gani inakata pesa ovyo. Habari hiyo hakuna tangazo la kazi litakalokupa.

Kuna kundi moja la kushika kwa uangalifu: wauzaji wa vipuri na mafuta wanaohudumia kikosi chako. Wanakujua vizuri, ndiyo, lakini maadamu bado unatia sahihi kwenye karatasi za mali yao, usiwaombe chochote. Ngoja utoke kwanza. Jina likichafuka dakika za mwisho, hata wale wengine kwenye daftari watakukwepa.

Sasa lugha. Ukimwambia meneja wa kiwanda cha unga kwamba ulikuwa jeshi, ataona bunduki na geti, na atakupa kazi ya ulinzi. Si kazi mbaya, na wengi wetu wameanzia hapo, ila kama umeshinda maisha yako yote na injini, kwa nini usimame getini? Cheo chako hakimwambii kitu. Sema kazi. "Nilipanga zamu za madereva. Nilisimamia daftari la mafuta na kujua gari gani linakunywa kuliko kawaida. Nilihakikisha gari linaenda sevisi kabla halijaharibika njiani." Mwenye malori akisikia habari ya mafuta kupotea, atavuta kiti karibu. Ulipotumwa na operesheni ulizokwenda, hayo yaache kambini. Mwajiri anayetaka hadithi za Somalia hatafuti mfanyakazi.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi. Huu hapa, badilisha unavyotaka:

"Habari za asubuhi, Bwana Fulani. Tulikuwa tukionana pale gereji nikileta magari ya kikosi. Nastaafu mwezi wa tisa. Nimesimamia madereva, mafuta na sevisi za malori. Naomba nusu saa yako wiki hii, nikuulize kampuni za mizigo hapa Nakuru hutaka nini kwa msimamizi wa magari. Chai ni juu yangu."

Hujamwomba kazi, kwa hivyo hana sababu ya kukukwepa. Watu wengi hupenda kuulizwa wanachokijua. Mkikaa, uliza na unyamaze. Ni shida gani inawasumbua zaidi? Wanatumia mfumo gani kufuatilia magari? Ni karatasi gani huangaliwa kwanza? Andika majibu mbele yake, ataona hukuja kupiga porojo. Na kabla hamjaachana, uliza hili, hata kama maongezi yamekuwa baridi: "Ni nani mwingine ungenishauri nimuone, na je, naweza kumwambia umenituma?" Akikubali, unaondoka na mlango wa pili, na huko utaingia kama mtu wa fulani.

Siku hiyo hiyo jioni mtumie shukrani. Ukionana na yule aliyekuelekeza kwake, rudi umwambie mlizungumza nini. Hapa ndipo wengi hupotea: wanasaidiwa, kisha kimya, na aliyewasaidia anasikia kwa watu kwamba walipata kazi Naivasha.

Karatasi ziwe tayari kabla ya haya yote, maana mtu akisema "leta kesho" anamaanisha kesho. Cheti cha utumishi, leseni ya udereva ya NTSA iliyo hai, na cheti cha maadili mema, ambacho unaomba kwenye eCitizen kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Kama ufundi wako uliupatia jeshini, kafanye mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, upate karatasi ambayo raia anaielewa.

Usipuuze mikusanyiko ya kawaida pia. Matangani, kanisani, kwenye chama cha mama watoto, watu huulizana "siku hizi uko wapi?" Jibu lako lisiwe "nimepumzika tu." Sema unachotafuta kwa sentensi moja, kisha endelea kuomboleza na wenzako. Chama cha wanajeshi wastaafu nacho kinafaa, ingawa pale mtakaa sana mkikumbushana kozi ya kuruti kule Eldoret. Nenda na daftari hata hivyo.

Kuwa macho kuhusu kiinua mgongo. Habari zake husambaa haraka kuliko unavyodhani, na atatokea mtu mwenye "koneksheni" ya kazi Uarabuni, anataka ada kidogo ya kuharakisha. Wakala wa kazi za nje lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hakikisha huko mwenyewe, usiamini cheti alichokutumia kwa simu. Ndani ya nchi, anayekudai pesa ili akupe kazi mfute kwenye daftari.

Na simu usiwapigie watu wa malori Jumatatu asubuhi. Wakati huo kila mtu anapakia. Jaribu Jumatano, baada ya saa nane mchana.