Pima moshi wa mtaa wako: kihisi cha bei nafuu kwa mkazi wa Dar es Salaam

Malalamiko ya moshi wa taka kila mwenyekiti wa mtaa ameshayasikia. Ukienda na karatasi yenye saa, siku na kiwango, mazungumzo yanabadilika. Kifaa chenyewe si kigumu kukiunda.

1. Vifaa. Kihisi cha vumbi SDS011, bodi ya NodeMCU (ESP8266), yaani kompyuta ndogo yenye Wi-Fi, kihisi cha unyevu BME280, elbo mbili za PVC za milimita 75, waya wa USB na chaja ya simu. Ndani ya SDS011 kuna kifeni kinachovuta hewa na leza inayomulika vumbi linalopita. Inafaa kwa PM2.5, yaani chembe laini za moshi. Vumbi zito la barabarani hailipimi vizuri, kwa hiyo namba yake ya PM10, yaani ya chembe kubwa zaidi, usiitegemee.

2. Kuunganisha. Kutoka SDS011 kwenda kwenye bodi: TXD iende D1, RXD iende D2, GND kwa GND, na 5V iende VU (bodi nyingine zimeandika VIN). Pakia programu ya bure ya Sensor.Community, mradi ulioanzia Stuttgart mwaka 2015. Bodi itafungua Wi-Fi yake. Ingia kwa simu, uweke nywila ya Wi-Fi ya nyumbani. Ikigoma, angalia kama mtandao wako ni wa 5 GHz, maana bodi hii inajua 2.4 tu.

3. Kutundika. Vifaa vikae ndani ya elbo mbili zilizounganishwa. Tundika mita mbili hadi nne kutoka chini, mdomo wa bomba ukiangalia chini mvua isiingie. Kaa mbali na jiko la mama lishe, la sivyo utapima chapati zake.

4. Unyevu. Hapa ndipo wengi wa Pwani wanapotea. Unyevu ukizidi asilimia 70, chembe hunywa maji na kuvimba, na leza huziona kubwa kuliko zilivyo. Alfajiri ya masika namba itapaa hata kama hakuna aliyewasha kibiriti. Ukifuta vipimo vyote vya namna hiyo, Dar hutabaki na kitu. Viwekee alama, kisha linganisha saa zenye unyevu unaokaribiana.

5. Daftari. Kwangu hili lina uzito kuliko kihisi. Andika hivi: “Jumanne, saa 1 usiku, upepo umetulia, majani na plastiki vinachomwa nyuma ya gereji.” Mchana upepo wa bahari hupeleka moshi bara, usiku ukitulia, moshi hulala palepale. Andika pia umeme ulipokatika na jenereta zilipowashwa. Bila hayo, grafu inapanda na kushuka na hujui umlaumu nani.

6. Kusoma. Usikimbilie namba ya dakika moja. Tafuta wastani wa saa 24: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka usizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo, na wastani wa mwaka usizidi 5. Kihisi hiki hakitakupa ushahidi wa kisheria. Kazi yake ni kuonyesha saa mbaya na mahali pabaya.

7. Kupeleka. Chapisha ukurasa mmoja. Omba jambo moja linalowezekana, kwa mfano gari la taka lipite kabla lundo halijachomwa. Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa tangu 2007, zitaje. Nenda na nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa uondoke nayo.