Mngurumo kati ya mikisa na transmita
Ukisikia "mmm" ya 50 Hz (mngurumo wa umeme wa ukutani) kwenye redio ikiwa hewani, usikimbilie kununua kebo mpya. Kwenye kebo ya sauti itokayo kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), fungua plagi ya XLR (ile ya pini tatu) upande wa transmita tu, ng'oa waya wa nje uliosukwa kwenye pini 1, uzungushie tepu. Pini 2 na 3 usiziguse: sauti inapita humo. Mikisa na transmita zikiwa kila moja na ethi yake (waya wa ardhini), mkondo huzunguka kwenye ule waya wa nje, na hapo umeukata. Kwa kebo ya RCA (plagi ya pini moja) haifai, maana waya huo ndio njia ya sauti kurudi. Hapo weka transfoma ya sauti ya 1:1 (isiyopandisha wala kushusha volti) katikati ya kebo. Kebo ya XLR uliyoikata pini 1 itie alama, maana ikitumika kwa maikrofoni ya kondensa (inayohitaji umeme kupitia kebo), haitapata 48 V zake. Ethi ya umeme wa ukutani usiikate kamwe, hata fundi akikuapia inasaidia.