Radikali si kampaundi: jinsi ya kuzitofautisha na kuandika fomula bila kupotea kwenye mabano

Wiki jana nilikaa na binti wa jirani hapa Busia, upande wetu wa Uganda, yuko S.3 (kidato cha tatu) na kila akiona SO₄ (salfeti) anaiita kampaundi. Tulianza saa mbili usiku tukamaliza saa tano, na muda mwingi ulienda kwenye mabano tu. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: angalia chaji
Kampaundi haina chaji, imekamilika, unaweza kuiweka kwenye kopo. Radikali ni kundi la atomu zilizoshikana lakini bado lina chaji, kwa hiyo halikai peke yake, lazima lipate mwenzake wa chaji ya kinyume. Huwezi kwenda dukani ukaomba salfeti tupu, utapewa mrututu, CuSO₄, yaani shaba pamoja na salfeti yake. (Zile radikali huru wanazotaja kwenye mambo ya afya ni habari nyingine, zile zina elektroni isiyo na pacha.)

Hatua ya 2: kariri
OH⁻, NO₃⁻, HCO₃⁻, CO₃²⁻, SO₄²⁻, PO₄³⁻ na NH₄⁺. Hiyo ya mwisho tu ndiyo chanya.

Hatua ya 3: chunga zinazofanana
SO₃ ni kampaundi, SO₃²⁻ ni radikali. NH₃ ni gesi ya amonia, NH₄⁺ ni radikali. Kwa hiyo usiache kuandika chaji hata ukiwa na haraka.

Hatua ya 4: mabano
Kata boksi la sabuni utengeneze kadi, kila kadi ioni moja (atomu au kundi la atomu lenye chaji) na chaji yake. Mimi ile njia ya kuvusha namba kwa mishale, namba ya chaji ya huyu inakuwa idadi ya yule, siipendi kabisa, mtoto anaandika Ca₂(CO₃)₂ badala ya CaCO₃ na hajui kwa nini amekosa. Weka kadi ya Ca²⁺ mezani, halafu ongeza za OH⁻ mpaka chaji zilingane, zinaingia mbili, basi funga radikali kwa mabano na namba ikae nje: Ca(OH)₂. Binti aliandika CaOH₂. Nikamwambia hesabu atomu kwa kidole, akapata oksijeni moja wakati kadi mbili za OH ziko mbele yake, akafuta mwenyewe.

Ila angalia, radikali ikiwa moja hakuna mabano, Na₂CO₃ inatosha. Klorini ni atomu moja tu, kwa hiyo MgCl₂ bila mabano. Ile 4 ndani ya SO₄ usiiguse kamwe, ni ya oksijeni, ndiyo maana Al₂(SO₄)₃ ina oksijeni 12. Tukakwama tena kwenye mbolea ya (NH₄)₂SO₄ kwa sababu alishaamini mabano yanakaa mwisho siku zote, kumbe yanafuata radikali iliyozidi moja, hata ikiwa mbele.

Hatua ya 5: ione kwa macho
Hii ni ya maabara, mwalimu akiwepo, maana bariamu ni sumu. Dondosha bariamu kloridi kwenye maji ya mrututu. Papo hapo yanatokea mashapo meupe yanayozama polepole, ni BaSO₄, na maji ya juu yanabaki na rangi ya buluu inayoletwa na ioni za shaba. Salfeti imehama nzima nzima, salfa yake na oksijeni zake nne, haikuvunjika.